Maneno nayajua, maana inanipita: jibu kwa mwongoza watalii wa Bagamoyo

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Bagamoyo. Wageni nawapeleka magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, Karavanserai na misheni, na wakitaka bahari nawatafutia boti. Kiingereza nimekisoma hadi kidato cha sita na sikufeli. Shida yangu ni misemo yao. Juzi usiku mama mmoja wa Kiingereza aliniandikia WhatsApp hivi: "We're knackered so let's play it by ear tomorrow. If the weather's pants we'll take a rain check, otherwise half eight? If it's too much faff, no worries. Cheers!" Nikausoma mara tano. Nikaona sikio, suruali, mvua na nusu ya nane. Nusu ya nane ni nne, basi nikatokea hotelini saa nne asubuhi. Kumbe walikaa mapokezi tangu saa mbili na nusu. Sasa nimepakua orodha ya nahau 500 za Kiingereza. Nizikariri zote? Na nikianza kuzitumia mwenyewe, wageni wataona najua lugha, au nitawachekesha?

Jibu

Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo orodha: usiikariri. Orodha za namna hiyo hukusanya misemo yenye mbwembwe, inayopendeza kuandikwa ubaoni, zikaacha ile ambayo wageni wako wanaitamka tangu kifungua kinywa hadi wanapoaga kwenda kulala. Karibu kila aliyepita sekondari hapa nchini anaijua "It's raining cats and dogs", mvua ya paka na mbwa. Msemo huo ni mkongwe, Jonathan Swift aliuandika mwaka 1738. Lakini kaa na Waingereza masika nzima uwasikilize: watakuambia "It's pouring" au "It's chucking it down", na hao paka na mbwa utawasikia kwa nadra sana. Halafu itazame "half eight". Hiyo sidhani kama imo katika 500 zako, na ndiyo iliyowaweka wageni wako mapokezi kwa muda wa saa moja na nusu.

Ninalotaka ulishike ni hili. Msemo wa ajabu haukupotezi, maana ukiusikia unajua papo hapo kwamba hujaelewa, na utauliza. Anayekupoteza ni neno dogo ulilolijua tangu shule ya msingi, linalokupa maana kamili, yenye mantiki, ila siyo aliyoikusudia msemaji. Hapo huulizi kitu. Unaondoka umeridhika, unakwenda kufanya kisichotakiwa.

Tuuchambue ujumbe wa huyo mama, maana una kila aina ndani yake. "Knackered" ni kuwa hoi, kuchoka kabisa. Zamani Uingereza "knacker" alikuwa mtu anayenunua farasi waliochakaa ili awachinje, na mchovu akajifananisha na farasi huyo. "Play it by ear" imetoka kwenye muziki: kupiga ala kwa kusikiliza tu, bila kusoma nota. Maana yake tusipange sasa, kesho tutaona hali ilivyo. Vijana wa siku hizi wangesema "tutajua hukohuko". "Pants" kwa Mwingereza si suruali, ni chupi, na kitu kikiitwa "pants" ni kibovu. Kwa hiyo alisema hali ya hewa ikiwa mbaya. "Faff" ni usumbufu usio na maana, na "cheers" hapo ni asante, si ya kugonganisha glasi.

"Rain check" inataka maelezo zaidi kwa sababu inagusa mfuko wako. Ilianzia Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kwenye mchezo wa besiboli. Mvua ikivunja mchezo, mtazamaji alibaki na kipande cha tiketi cha kumruhusu kurudi siku nyingine bila kulipa tena. Leo haihitaji mvua hata tone. Mtu ukimkaribisha chai akasema "I'll take a rain check", amesema si leo, labda siku nyingine. Na mara nyingi hiyo "siku nyingine" ni kukataa kwa upole. Akikupa tarehe mpya, ni ahirisho. Asipokupa, usimwambie nahodha akuwekee boti.

Sasa "half eight". Mwingereza ameondoa neno "past" katikati, basi. Ni saa mbili na nusu kwa saa zetu. Lakini usiishie hapo, kwa sababu Bagamoyo inapokea Wajerumani wengi, na Mjerumani katika lugha yake akisema "halb acht", nusu nane kwa neno, anamaanisha nusu ya kuelekea nane, yaani saa moja na nusu. Mholanzi naye huhesabu hivyohivyo. Wengi wao wakizungumza Kiingereza hubadilisha, ila wapo wanaohamisha mazoea ya nyumbani bila kujua, na hapo "half eight" ya Mjerumani na ya Mwingereza zinapishana kwa saa nzima. Dawa yake ni tarakimu. Kila makubaliano ya muda yarudie kwa maandishi: "8:30 am at reception, is that right?" Wewe mwenyewe unabeba saa za aina mbili kichwani, ya kwetu na ya kwao, kwa hiyo tarakimu zitakulinda wewe kabla ya mgeni. Na mtu akikuambia "next Friday", muulize tarehe. Hata wao kwa wao hawakubaliani kama ni Ijumaa hii inayokuja au ile inayofuata.

Nirudi kwenye maneno madogo, maana hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako.

Umemwuliza mgeni kama anataka dafu. Anajibu, "I'm good." Shuleni "good" ni zuri, kwa hiyo unaona amekubali na unamwita muuzaji. Amekataa. "I'm good", "I'm fine", "I'm all right", zote baada ya kukaribishwa kitu ni hapana asante. Hili lisikushangaze. Sisi Pwani ukimkuta mtu anakula akakuambia "Karibu", ukajibu "Starehe", mwenyeji anajua huli na hachukui sahani nyingine. Mgeni aliyetafuta "starehe" kwenye kamusi atadhani umeomba anasa.

Mwingereza akikukuta asubuhi akasema "You all right?", hajaona ugonjwa usoni mwako. Anakusalimu. Jibu ni "Yeah, you?" na safari iendelee, kama unavyojibu "Nzuri" ukiulizwa habari za nyumbani hata kama usiku mtoto hakulala. Vilevile "You must come and visit us in Leeds" ni ukarimu wa kuagana. Upokee kwa tabasamu na shukrani, ila usianze kuulizia viza mpaka aseme lini.

Wageni wanaolala kwenye nyumba za wageni wana neno jingine, "tea". Familia kutoka kaskazini mwa Uingereza ikiuliza "What time is tea?", kuna uwezekano mkubwa wanauliza chakula cha jioni. Huko kwao "tea" ni mlo wa jioni, na "dinner" kwa wengi wao ni mlo wa mchana. Ukiwapelekea birika na vitumbua wakati wao wanangoja wali na samaki, kila mtu atakaa akimtazama mwenzake. Uliza tu, "The evening meal?" Neno hilohilo kinywani mwa kijana wa Kimarekani, "What's the tea?", ni umbea. Anataka ubuyu. Kama sisi tulivyolipa tunda la mbuyu kazi ya kubeba habari za watu, wao wameipa chai.

"Quite" ndiyo ngumu kuliko zote, na ningekuomba uisome polepole. Mmarekani akisema chakula kilikuwa "quite good", amesifu. Mwingereza akisema hivyohivyo, mara nyingi anamaanisha si kibaya, kimepita, yaani sifa ndogo. Lakini Mwingereza huyohuyo akiiweka mbele ya neno lenye uzito wa mwisho, kama "quite impossible" au "quite extraordinary", hapo inakuwa kabisa: haiwezekani kabisa, ni cha ajabu kabisa. Na "not bad" yake, ambayo kwa sikio letu ni nusu lawama, inaweza kuwa sifa ya dhati. Ukitaka kujua kama ziara yako ya Kaole imempendeza Mwingereza, usipime kivumishi. Angalia kama anauliza maswali mengine na kama anawaleta wenzake kesho.

Mavazi nayo yana mtego. Ukiwaandikia wageni waje na "long pants" kwa sababu mtapita sehemu za ibada, Wamarekani watavaa suruali na Waingereza watacheka, maana umewaagiza chupi ndefu. Andika "trousers", wote wataelewa. Mwaustralia akikuambia amepoteza "thongs" zake ufukweni, anatafuta ndala. Kwa Mwingereza na Mmarekani neno hilo ni chupi ya kamba, kwa hiyo usilitangaze kwa kundi zima.

Kuna kundi jingine ambalo orodha yako imelipuuza: kitenzi cha kawaida kilichofuatwa na kineno kidogo. "Put off" ni kuahirisha, "call off" ni kufuta kabisa. Mgeni akisema boti ya kesho iwe "called off" nawe ukaelewa kusogeza mbele, utakuwa umemweka nahodha bure. "Turn up" ni kutokea, "turn down" ni kukataa, "drop off" ni kumshusha mtu, "set off" ni kuanza safari. Ukitaka kujua kwa nini lugha inafanya hivi, tazama "piga" yetu. Tunapiga simu, pasi, mswaki, picha, hodi, chafya na bao, na hakuna kati ya hivyo anayeumia. Mtu wa Pwani hajawahi kukalishwa akafundishwa kwamba pasi hupigwa. Amesikia pasi na piga vikienda pamoja, akavibeba pamoja. Vitenzi hivi vya Kiingereza vinabebwa hivyohivyo, viwili viwili, na kwa kazi yako vinavyokuhusu havizidi ukurasa mmoja wa daftari. Anza na vya safari.

Sasa nije kwenye misemo inayonipendeza mwenyewe, kwa sababu wewe unafanya kazi mahali ambapo ungeielewa kuliko mwanafunzi yeyote wa bara. Kiingereza kimejaa bahari. Watu wa kisiwa walisafiri kwa matanga karne nyingi, na maneno ya mabaharia yakapanda nchi kavu yakabaki.

Siku ukipanda ngalawa, mtazame nahodha anavyoshika demani, ile kamba inayoshikilia tanga. Akiilegeza, tanga linajaa upepo. Akiivuta, linabana. Ikimponyoka, tanga linapigapiga ovyo na chombo kinayumba bila mwelekeo. Kamba hiyo kwa mabaharia wa Kiingereza inaitwa "sheet". Mgeni akikuambia rafiki yake jana usiku alikuwa "three sheets to the wind", hazungumzii mashuka matatu. Kamba tatu zimeachia, chombo kinayumba: mtu alilewa chakari. "Taken aback", kupigwa na butwaa, ni pale upepo unapogeuka ghafla ukaligonga tanga kwa mbele, likabanwa kwenye mlingoti na chombo kikasimama. "By and large", ambayo leo maana yake ni kwa ujumla, ilikuwa sifa ya chombo kinachokwenda vizuri kikiwa kinabisha upepo na kikiwa na upepo wa nyuma. Na "to know the ropes" ni kuijua kazi, maana kwenye merikebu ya matanga asiyezijua kamba hana kazi.

Sisi tuna yetu. Mtu wa Dodoma anasema "mambo yamekwenda mrama" na huenda hajakanyaga chombo maisha yake yote. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo upande huu na upande ule. Neno limetoka baharini, limepanda hadi nyanda za juu, na linafanya kazi yake bila kuulizwa lilikotoka. Mgeni mwenye kupenda lugha ukimpa "mrama" mkiwa majini, na chombo kinamwonyesha maana yake, atakumbuka siku hiyo.

Upo msemo mmoja ambao ni wa hapa kwetu kwa namna fulani. Mgeni akikukuta getini akataja jina lako na kuongeza "I presume?", yaani nadhani ndiye wewe, huku akitabasamu, anacheza na maneno yanayonukuliwa kuwa ya Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji. Safari hiyo ya Stanley ilianzia Bagamoyo mwaka 1871, na mwili wa Livingstone ulipita hapahapa misheni mwaka 1874 ukielekea kwao. Kwa hiyo usimpe tabasamu tupu. Mwambie msafara ulianzia wapi, na ziara yako imeanza vizuri kabla hamjatoka getini.

Ya dini nitaipitia haraka, kwa kuwa anayejua Biblia ya Kiswahili anazo tayari. "The apple of my eye" ni mboni ya jicho ya Kumbukumbu la Torati 32. "A drop in the bucket" ni tone la maji katika ndoo la Isaya 40. "The writing on the wall", ishara ya anguko linalokuja, ni ule mwandiko wa ukutani katika Danieli sura ya 5. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliyaingiza haya midomoni mwa watu, na leo wanayasema hata wasiosali.

Lugha ya vijana ndiyo inayobadilika kila mwaka, na sikushauri uikimbize. Mwanafunzi wa Kimarekani akitoka kutazama ngoma pale Taasisi ya Sanaa akasema "That was sick!", asikuogopeshe, hakuna mgonjwa. Sisi tunasema "dada yule anapiga ngoma balaa", "anacheza hatari", na balaa na hatari hapo ni sifa. Wao wameuchukua ugonjwa, na kabla yake uovu, "wicked". Kabla ya onyesho wanaweza kuwaambia wachezaji "Break a leg!", vunja mguu. Watu wa jukwaani huko hushikilia imani kwamba kumtakia msanii heri waziwazi kunaita mkosi, ndiyo wanatamka kinyume. Wachezaji wetu waelezwe mapema, maana kwa mtu anayesubiri kuingia uwanjani pekupeku maneno hayo ni mazito.

Uliuliza kama uzitumie mwenyewe. Tumia chache sana, zile ulizozisikia kwa watu tofauti katika hali ileile: "no worries", "it's up to you", "take your time". Nyingine zielewe, zikae. Sababu yangu ni kwamba nahau haivumilii kuguswa. Kwetu kijana "amepata jiko", ameoa. Mgeni akisema kijana "amenunua jiko" au "amepata majiko", harusi imekwisha, amebaki na chombo cha kupikia. Kiingereza ni hivyohivyo: kosea kineno kimoja na msemo unaporomoka, wakati sentensi nyepesi ya kawaida isingekuangusha. Wageni hawakulipi ili uongee kama mtu wa London. Wanakulipa uwaeleze Kaole ili waielewe, na Kiingereza safi cha darasani kinaifanya kazi hiyo vizuri sana. Maneno ya matusi nayo yaache, hata ukiwasikia wanayatupa wao kwa wao kwa kicheko. "Pissed" kwa Mwingereza ni kulewa, kwa Mmarekani ni kukasirika, na kwa vyovyote si neno la kumwambia mteja.

Badala ya orodha, nunua daftari dogo. Ukisikia usemi, andika sentensi nzima, si maneno mawili yaliyokatwa. Andika nani alisema, anatoka wapi, alikuwa anajibu nini, na baadaye alifanya nini. Hicho cha mwisho ndicho kitakachokufundisha: aliyesema "I'm good" hakunywa dafu. Usipoelewa, uliza palepale, "Sorry, what do you mean by that?" Watu hupenda kuulizwa lugha yao. Wewe ukimpa "kupata jiko" naye akakupa "tie the knot", kufunga fundo, ambayo nayo ni kuoa, mmekwishakuwa marafiki.

Na usidhani kila neno la ajabu ni Kiingereza. Wengi wa wageni wako Kiingereza si lugha yao ya mama. Mjerumani akikuambia "I understand only train station", ametafsiri msemo wa kwao neno kwa neno, maana yake haelewi kitu. Hilo usilitafute kwenye kamusi ya Kiingereza, hutalipata. Ndiyo maana nimesema uandike anatoka wapi.

Kurasa chache zikijaa, niletee tuzipitie. Na kwa upande wa boti, pokea malipo ya awali kabla hujampigia nahodha.